Kompyuta ya Kakuma Iliyokataa Kuamka

Kati ya Lodwar na Kakuma, watu wanaoweza kuwasha kompyuta bila kuigusa ni wachache sana, na mimi ni mmoja wao. Naliweka hilo mbele kwa sababu ni kweli, na kwa sababu usipolijua hutaelewa kwa nini siku ile nilikaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni badala ya kuinuka na kwenda.

Diploma yangu ya teknolojia ya mawasiliano sikupewa na mtu. Hakuna mbuzi aliyeuzwa nyumbani kwa ajili yangu, maana mbuzi walikuwa wamekwisha kwa ukame. Nilikwenda Nairobi na begi moja, nikabeba saruji mchana na kusoma jioni, na cheti kilipotoka nilikitafutia fremu kabla sijanunua kitanda. Nilikaa huko miaka minane. Wengi wanaoondoka kwetu hawarudi, na wengi wanaorudi hurudi kupumzika. Mimi nilirudi na vifaa. Nilifungua ofisi Lodwar, upande wa Nawoitorong, chumba kimoja chenye feni mbili, printa ya rangi na kibao mlangoni chenye jina langu na diploma yangu chini yake.

Kakuma, nilikokulia, nako nilikuwa na mguu mmoja. Dada yangu mkubwa ana duka pale mjini, anauza sukari, majani ya chai, shanga na vocha za simu. Kwenye kona ya duka niliweka skana na kompyuta yangu ya zamani, ile niliyoanzia kazi Nairobi, kubwa, ya kijivu, inayonguruma kama stovu. Watu wa mjini na wa kambi ya wakimbizi walikuja kuskani vitambulisho, barua na vyeti, nami nikavihifadhi humo. Kwa kuwa ilikula stima nyingi, sikutaka ishinde ikiwaka. Nikaipangia utaratibu wa kuamshwa kutoka mbali.

Jambo lenyewe si uchawi. Kompyuta ikizimwa, kadi yake ya mtandao hubaki macho, mradi inapata stima kidogo kutoka ukutani. Ukiitumia ujumbe mfupi unaobeba anwani yake ikirudiwa mara kumi na sita, kadi hiyo huiamsha mashine nzima. Nikiwa ofisini Lodwar nilijaribu mara tatu, dada yangu akiwa kwenye simu, na mara zote tatu ikaamka.

"Imewaka yenyewe," alisema mara ya kwanza. "Wateja wanatoka nje."

"Waambie ni mimi niko Lodwar."

"Nimewaambia. Ndiyo maana wanatoka."

Nilisimulia habari hiyo kwa wiki nzima, kanisani na hotelini, na kwa maafisa waliokuja kuchapisha barua zao. Mmoja aliniambia hata ofisini kwao hawana kitu kama hicho. Nilimjibu kwamba najua.

Sasa kuhusu mwalimu. Ni mtu wa Sudan Kusini, amefundisha hesabu katika shule ya msingi ya kambini kwa miaka mingi bila cheti cha ualimu. Nilimjua kanisani, nilipokuwa nikienda Kakuma kufunga vifaa vile. Ni mrefu, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za vumbi, na huzungumza polepole kama anayeandika ubaoni. Vyeti vyake vya sekondari viliandamwa na mchwa ndani ya sanduku la mbao, vikaliwa kuanzia kona hadi katikati. Mungu saidia, miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeviskani. Nakala pekee duniani ilikuwa ndani ya kompyuta ya kijivu.

Chuo kimoja cha walimu kilifungua kozi ya diploma Lodwar, na mwalimu akaitwa kwenye usaili. Kwa mwalimu wa kambini asiye na mafunzo, nafasi ile ilikuwa ndiyo tofauti kati ya posho na kazi. Ili kutoka Kakuma alihitaji kibali cha kusafiri, akapewa cha siku tatu. Kabla hajaondoka alinipigia.

"Fundi, nipite kwa dada aniwekee vyeti kwenye flash?"

"Flash ya nini? Flash ni kubeba virusi. Njoo mikono mitupu. Nitavivuta nikiwa huku huku na kuvichapa kwa rangi, wewe ukinywa chai."

"Una hakika?"

"Mwalimu, unajua unaongea na nani?"

Alicheka. "Haya. Nakuja kama bwana harusi."

Siku ya kwanza alisafiri. Siku ya pili alifanya usaili. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, aliingia ofisini kwangu na shati lake jeupe, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mikono juu ya magoti.

"Wamenichukua," alisema. "Imebaki nakala za vyeti na sahihi yangu. Afisa wa usajili anafunga orodha leo saa kumi na moja jioni."

"Na kibali?"

"Kinaisha leo pia."

Nilimpa mkono. Nikaagiza chai na mandazi. Nikageuza skrini kidogo ili aone, kwa sababu nilitaka aone, nikatuma ujumbe wa kuamsha.

Kwa kawaida inachukua dakika moja. Tulingoja dakika tano. Nikatuma tena. Chai ikaja, akanywa, mimi sikunywa.

"Imelala sana," mwalimu alisema.

"Ni mtandao. Huwa unachelewa asubuhi."

Nikampigia dada yangu. Simu haikupatikana. Ndipo nikakumbuka kwamba alikuwa amenieleza: wiki hiyo angefunga duka siku mbili aende ng'ambo ya Kalobeyei, kwa watu wa mumewe, kwenye kikao cha mahari. Huko simu hazishiki. Sikujali. Uzuri wa utaratibu wangu ulikuwa kwamba haukuhitaji mtu yeyote awe dukani.

Nikaiita rauta ya Kakuma. Hiyo niliifunga na paneli yake ndogo ya jua juu ya bati, na ikaitika mara moja. Sitasahau furaha niliyoipata. Rauta ikiitika maana yake njia ni nzima, na njia ikiwa nzima basi tatizo ni dogo, na tatizo dogo ni langu.

Nilimweleza mwalimu kila hatua. Kwanza, rauta huwa na tabia ya kusahau anwani ya mashine iliyolala. Ujumbe unafika mlangoni lakini hakuna wa kuuelekeza chumbani. Nikaiandikia anwani hiyo kwa nguvu ili isisahau, nikatuma. Kimya. Pili, huenda ujumbe ulikuwa unakwama kwa kupita mlango usio sahihi. Nikafungua mlango mwingine, nikatuma. Kimya. Tatu, nikaingia ndani ya rauta yenyewe ili ujumbe uanzie humo, hatua chache tu kutoka kwenye kompyuta. Hiyo ni kazi ambayo wengi wenye shahada hawaiwezi. Nikatuma mara ishirini mfululizo. Kimya kile kile.

Rauta ilinionyesha kwamba tundu la waya unaokwenda kwenye kompyuta lilikuwa halina dalili ya uhai. Nililiona hilo saa nne na nusu. Nililiona kwa macho yangu, na nikajiambia kwamba kadi za zamani hupunguza nguvu zikilala kiasi cha kuonekana kama hazipo. Hata nilimweleza mwalimu hivyo, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Mtu mwenye elimu ndogo angesema, hakuna stima. Mimi nilikuwa na maelezo.

Saa tano mwalimu alikohoa kidogo.

"Fundi, na tukienda? Barabara ni lami. Kwa mwendo wa saa mbili hivi tunafika."

Ufunguo wa pili wa duka ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya kiwiko changu.

"Mwalimu, nikisafiri mpaka Kakuma kubonyeza kitufe, diploma ni ya nini?"

"Basi nipe ufunguo niende mimi."

"Ukivuka kizuizi cha polisi, kibali chako kimekwisha kazi. Hutarudi kutia sahihi. Kaa. Nusu saa tu."

Alikaa. Kama kuna kitu ninachokirudia kichwani hadi leo, ni jinsi alivyokaa: bila kubishana, kama mgonjwa mbele ya daktari anayemwamini. Nusu saa ikapita, ikafuata nyingine. Wateja walikuja, nikawafukuza. Nilisoma maandishi ya watengenezaji wa kadi ile, nikasoma maswali ya watu wa nchi nyingine waliopatwa na tatizo kama langu, na kila mmoja alikuwa na jibu tofauti. Mmoja aliandika kwamba betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta za zamani, ile ya duara kama kitufe cha koti, ikifa mashine husahau kila kitu, pamoja na amri ya kuamka. Nikashikilia hilo. Nikashikilia la mwingine. Jasho lilinitoka chini ya feni mbili.

"Wanafunzi wangu wakikwama kwenye hesabu," mwalimu alisema saa nane mchana, "mimi huwaambia warudi kwenye swali."

"Swali ni kwa nini haiamki."

"Hapana. Swali ni kama iko hai."

Niliudhika, nakiri. Lakini nilianza kutafuta mtu wa Kakuma wa kwenda kutazama. Niliyemkumbuka ni mzee wa jenereta, ambaye nyaya zake zinapeleka stima kwenye maduka ya mtaa ule. Namba yake nilihangaika nayo karibu saa nzima, na nilipoipata aliitika kwa sauti ya usingizi.

"Ejok, mzee," nilimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Nani?"

Nikajitambulisha kwa ukamilifu.

"Aa, ule kijana wa mama wa sukari. Yule alienda Nairobi."

"Ndiyo. Mzee, naomba uende dukani uchungulie kompyuta. Kuna taa ndogo ya kijani nyuma yake."

Nikasikia viatu vyake vya matairi vikikwaruza mchanga, kisha wavu wa mlango ukigongwa.

"Hakuna taa," alisema. "Plagi iko kwa msumari."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji. Mzee yule hana mita. Tangu nikiwa mtoto, desturi ya mtaa ule ni moja: ukifunga duka unang'oa plagi na kuitundika kwenye msumari mahali ambapo mtu aliye nje ya wavu anaiona. Mzee akipita, akaiona imening'inia, anajua leo hutumii. Haulizi, naye haulizwi. Anayeacha plagi ukutani na kufunga mlango anaonekana mwizi. Mimi mwenyewe niliitundika plagi hiyo jioni nyingi kabla sijaondoka. Miaka minane ya Nairobi, ambako soketi haiguswi hata ukisafiri, ilikuwa imenifutia jambo ambalo kila mtu wa mtaa ule analifanya akiwa amefumba macho. Nilimwonya dada yangu asiguse kitufe cha kompyuta, naye hakukigusa hata siku moja. Majaribio yangu matatu niliyafanya duka likiwa wazi.

Mwalimu alikuwa amesikia, maana simu ilikuwa kwenye spika. Alitazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Ilikuwa saa tisa. Saa mbili za barabara zingetufikisha Kakuma saa kumi na moja kamili.

"Mzee," nilisema, "vunja kufuli, uingie, uchomeke plagi."

"Nivunje duka la mama?"

"Kompyuta ni yangu."

"Kufuli ni ya mama. Wewe ni sauti tu kwa simu."

"Nimekwambia mimi ni nani."

"Umeniambia. Lakini watu wanaona mimi, hawaoni wewe. Mama aseme mwenyewe."

Nilibembeleza, nikamtajia mwalimu na orodha na saa kumi na moja. Alisikiliza yote kwa upole na kurudi pale pale. Sikuweza kumlaumu. Mtu ambaye mtaa mzima unamwachia achungulie madukani kila jioni hawezi kuwa mtu wa kuvunja kufuli.

Nilimpigia dada yangu mara nyingi mno. Saa tisa na nusu simu yangu ikalia, ni yeye.

"Nimepanda kilima nipige kwa mtoto wangu, naona meseji zako zote zinaingia. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mwambie mzee wa jenereta avunje kufuli."

"Kwa nini avunje? Ufunguo mwingine si uko na wewe?"

Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake.

"Uko na mimi," nilisema.

"Na wewe uko wapi?"

"Lodwar."

Yeye ndiye aliyenilea, hakuhitaji kuuliza zaidi. "Haya," alisema. "Nampigia."

Saa kumi na dakika chache kufuli lilikuwa limevunjwa. Mwalimu alisimama, akanyoosha shati, akasema anakwenda kukaa mlangoni kwa afisa wa usajili amwombe asitoke mapema. Aliondoka akitembea kwa mwendo wake wa kawaida. Nilibaki na mzee kwenye spika.

"Nimechomeka. Sasa?"

"Bonyeza kitufe kikubwa cha mbele."

Nikasikia mngurumo wa stovu yangu. Nilitaka kulia.

"Imesimama," mzee alisema. "Iko nyeusi na maandishi meupe. Inalia tii."

Betri ya kitufe cha koti. Kwa hilo nilikuwa sahihi tangu saa saba, kama kuna faida. Kwa kung'olewa stima siku mbili, mashine ilikuwa imesahau hata mwaka.

"Tafuta kitufe cha juu kabisa upande wa kushoto, cha pili, kimeandikwa F na moja."

"Mimi sijui kusoma, kijana."

"Herufi kama panga lenye matawi mawili. Na kijiti pembeni."

Alibonyeza vingi kabla hajakipata. Kompyuta ikawaka. Nikajaribu kuingia kutoka Lodwar, ikanikataa: kwa tarehe iliyokuwa nayo, mimi na vibali vyangu vya mtandao tulikuwa hatujazaliwa. Ikabidi nimwongoze mzee asiyejua kusoma kubadilisha tarehe, kubonyeza mshale hadi mshale, akinieleza maumbo na mimi nikiyageuza kuwa namba kichwani. Angekuwa na simu yenye kamera angenipigia picha ya skrini, lakini yake ni ya tochi. Hakunikasirikia hata mara moja. Mara mbili alisema, "Pole pole, tutaipata," kama ninavyowaambia wateja wangu wazee.

Niliingia saa kumi na moja kasoro dakika nane. Vyeti vitatu, vizito, kwa sababu niliviskani kwa ubora wa juu kabisa kama ninavyofanya kazi zangu zote. Mtandao wa jioni ulivivuta kidogo kidogo. Nilisimama nikitazama mstari wa bluu ukisogea. Hakuna nilichoweza kukifanya kuuharakisha. Nilizima feni, nikafunga kila kitu kingine kwenye mashine, nikakaa, nikasimama tena. Cheti cha tatu kilifika saa kumi na moja na dakika kumi na tatu.

Nilivichapa nikakimbia. Mimi sikimbii barabarani, watu wananijua, lakini siku hiyo nilikimbia na bahasha mkononi, mchanga ukiingia kwenye viatu vyangu vya ngozi. Nilimkuta mwalimu amesimama peke yake nje ya ofisi ya usajili, mlango umefungwa.

"Amengoja mpaka na robo," alisema. "Ni mtu mzuri. Gari lilikuwa linamngoja, akaipeleka orodha."

"Tumpigie."

"Nimempigia. Anasema mwaka ujao, Mungu akipenda."

Nilimkabidhi bahasha kwa kuwa sikujua niifanyie nini kingine. Alivitoa vyeti akavitazama kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga. Muhuri wa bluu ulitoka bluu. Hata alama ya kidole cha mtu aliyevitia sahihi zamani hizo ilionekana.

"Vimetoka vizuri," alisema. "Kuliko vyenyewe."

Hakukuwa na kejeli ndani ya sauti yake. Nilitamani iwepo. Nilianza kumweleza habari za betri, na jinsi kadi za zamani zinavyofanya, na kwamba kitaalamu hatua zangu zote zilikuwa sahihi. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza tangu asubuhi, kisha akanigusa bega.

"Fundi, gari la mwisho linaondoka. Nikikutwa hapa kesho bila kibali, itakuwa hesabu nyingine."

Nilimsindikiza hadi kwenye magari ya Kakuma. Alikaa karibu na dirisha, bahasha ameishika wima kifuani ili isikunjike, akanipungia mkono. Gari likavuka daraja. Nikarudi ofisini, nikakuta kompyuta ya Kakuma bado iko wazi kwenye skrini yangu, inasubiri amri, na simu ya mzee wa jenereta ikilia. Alitaka kujua kama tumemaliza, achomoe, maana giza linaingia naye hawezi kuliacha duka la mama bila kufuli. Niliitazama skrini. Aliuliza tena, nami nikasema achomoe.